Tulivyotembea Ulaya: Vijiji vya Pwani na Nyumba za Makumbusho

Leo twataka kuwaeleza habari za safari tuliyoifanya Ulaya mwaka 2024, katika mwezi wa Mei na mwezi wa Juni. Sisi ni watu wawili wa Kanazi, wilaya ya Ngara. Mmoja ni mwalimu wa shule. Wa pili ni mjomba wake, mzee aliyekwisha kupita miaka 70, mkulima wa migomba na kahawa.

Hatukwenda kwa sababu ya utajiri. Wakubwa wenu wanakumbuka mwaka 1994, vita vilipokuwa Rwanda, jinsi watu wapatao 250,000 walivyovuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja wakaingia Ngara. Miongoni mwa wageni waliokuja kuwatibu alikuwako mama mmoja muuguzi, mtu wa Uholanzi, ambaye mzee wetu alimpelekea ndizi na maharage mara nyingi asitake malipo. Urafiki ule haukufa. Baada ya miaka 30 mama huyo alituletea nauli ya ndege ya watu wawili. Mengine yote tulipaswa kujitegemea: pasipoti, makoti mazito, viatu.

Mzee alikuwa na mkuki wa babu yake, ambao kwa Kihangaza huitwa icumu. Ulikuwa umesimama nyuma ya mlango tangu yeye alipokuwa mtoto. Mwezi mmoja kabla ya safari akapita mnunuzi wa vitu vya kale, akizunguka na gari vilimani kwetu, akautazama, akataja bei. Bei ile ilitosha makoti mawili na jozi moja ya viatu. Mzee akasema, "Mkuki huu haulimi wala haupaliki mtu ugali," akautoa. Hatukuhuzunika siku ile. Twautaja sasa kwa kuwa tutakutana nao tena mbele.

Wala msidhani kwamba sisi ndio watu wa kwanza wa pande hizi kwenda kuitazama Ulaya. Mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, pamoja na mwandishi wake Ham Mukasa, walikwenda London kwa ajili ya kutawazwa Mfalme Edward wa Saba. Mfalme akaugua, sherehe ikaahirishwa, nao wakapata nafasi ya kutembea na kuona mengi. Ham Mukasa akayaandika yote. Tena mwaka 1931 watu watatu wa Tanganyika waliitwa London kutoa maoni yao mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki: Martin Kayamba wa Tanga, Mtemi Makwaia wa Shinyanga, na Francis Lwamgira wa Bukoba, jirani zetu kabisa. Kayamba alikiandikia safari ile kitabu cha Kiswahili, kikapigwa chapa mwaka 1932, akakiita Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Nasi twasema "tulivyoona" kwa kufuata nyayo zake.

Kutoka Kanazi tulipanda basi hata kivuko cha Busisi, ambako daraja lililofunguliwa mwaka 2025 lilikuwa lingali likijengwa, tukafika Mwanza. Kutoka Mwanza tukaruka mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko usiku kucha mpaka Amsterdam. Habari za ndani ya ndege hazina maana kubwa. Mtu hukaa, huletewa chakula kidogo, hulala vibaya.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni kuambiwa kwamba kiwanja tulichoshukia kipo chini ya bahari. Si chini ya maji. Ila usawa wa bahari upo juu ya ardhi ile kwa mita 3 hivi. Mahali palipo na kiwanja cha Schiphol palikuwa ziwa kubwa, nalo lilikaushwa kwa mashine za mvuke hata likaisha mwaka 1852. Sasa ndege zatua pale zilipokuwa zikizama mashua. Mzee alikanyaga chini mara mbili tatu kwa kisigino kana kwamba anapima udongo wa shamba.

Hapa hatuna budi kueleza habari ya bahari, maana wengi wetu wa Ngara hatujaiona. Maji twayajua. Mto Ruvubu unatupakana na Burundi, tena huingia katika Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Na Kagera huingia Ziwa Viktoria, na kutoka ziwa hilo Naili huenda mpaka Misri na kumwagika katika bahari ya Mediterania, ambayo ng'ambo yake ndiyo Ulaya. Lakini maji ya mto huenda njia moja tu. Bahari haiko hivyo. Mwezi, na jua pia kwa nguvu ndogo zaidi, huyavuta maji ya bahari, nayo hujaa kwa muda wa saa sita hivi, kisha hupwa kwa muda kama huo, mara mbili kwa siku. Wakati wa kupwa utaona mashua zimelala ubavu juu ya matope. Ukirudi baadaye zinaelea. Na upepo wa kaskazini ukivuma kwa nguvu wakati maji yanapojaa, bahari huja juu ya nchi kama mtu anayevunja mlango.

Kwa hiyo Waholanzi wamejenga matuta. Msiyafikirie matuta ya viazi. Tuta la bahari ni kama kilima kirefu cha udongo na mawe, upande wa baharini kimefunikwa kwa mawe yasije yakaliwa na mawimbi, na upande wa bara huota majani ambayo kondoo hulisha. Nyuma ya tuta maji ya mvua hayawezi kutoka yenyewe, maana bahari ipo juu yake. Basi yapaswa kuvutwa na kutupwa nje. Zamani kazi hiyo ilifanywa na vinu vya upepo, baadaye mashine za mvuke, na sasa mitambo ya umeme. Ikisimama mitambo hiyo kwa muda mrefu, nchi italowa tena. Mama mwenyeji wetu alisema kwamba watu wa nchi yake hulipa kodi maalumu kwa ajili ya matuta na maji, na mabaraza ya maji ni ya kale kuliko serikali yao yenyewe.

Sasa tuje kwenye vijiji. Katikati ya Uholanzi palikuwa na mkono wa bahari ulioitwa Zuiderzee, na pembezoni mwake vijiji vya wavuvi: Volendam, Marken, Urk, Enkhuizen na vinginevyo. Wavuvi wale waliishi kwa heringi, dagaa wa baharini na mikunga. Mwezi wa Januari mwaka 1916 dhoruba ilivunja matuta, maji yakaingia vijijini usiku, watu na ng'ombe wakafa. Ndio mwaka ule ule ambao majeshi ya Wabelgiji yaliwatoa Wajerumani katika pande zetu. Baada ya msiba huo, mwaka 1918 ikatungwa sheria ya kuufunga mkono ule wa bahari, kwa shauri la mhandisi aitwaye Cornelis Lely. Likajengwa tuta lenye urefu wa kilomita 32, yaani maili 20, toka ng'ambo hii hata ng'ambo ile, na tundu la mwisho likazibwa tarehe 28 Mei 1932. Siku ile bahari ikawa ziwa. Kidogo kidogo chumvi ikatoka, maji ya mito yakaingia, heringi wakaisha.

Fikirini jambo hilo vizuri. Nchi iliokoka na mafuriko, tena ilipata mashamba mapya mapana ajabu. Lakini mvuvi aliyerithi nyavu za baba yake aliamka akiwa hana bahari. Serikali iliwapa wengi msaada wa fedha. Walakini fedha haifundishi mtoto kuvua samaki ambaye hayuko.

Ndipo wenye busara wakaona kwamba mambo ya vijiji vile yatapotea, wakaanzisha nyumba ya makumbusho katika mji wa Enkhuizen mwaka 1948. Na mwaka 1983 ikafunguliwa sehemu ya pili, iliyo wazi, ambayo si nyumba bali ni kijiji kizima. Nyumba za kweli zililetwa toka vijiji vya pande zote za ile bahari ya kale, nyingine zikibomolewa tofali kwa tofali na kujengwa upya, nyingine zikichukuliwa nzima nzima juu ya mashua. Sisi tulikwenda huko kwa boti, tukaingia vichochoroni. Kuna msokota kamba, kuna fundi wa matanga, kuna nyumba ya kukaushia samaki kwa moshi, tukala samaki wake wangali moto. Kuna na matanuri makubwa ya chokaa, ambamo makombe ya baharini yalichomwa yakawa chokaa ya kujengea. Mwalimu, aliyesomea Tanga, alisema kwamba watu wa pwani yetu nao huchoma matumbawe kwa kazi hiyo hiyo.

Mbele ya kila nyumba pameandikwa ilitoka kijiji gani, na wenye kuhudumu mle hueleza ni nani walioishi ndani, walilala wangapi kitandani, na nini kilipikwa Jumapili. Vitanda vyao vilikuwa kama makabati ukutani, vifupi mno. Mzee alisema hata kwetu mbuzi hulala kwa nafasi.

Katika kijiji hicho liko duka la dawa la zamani, na ndani yake vimepangwa vichwa vya miti, vingi sana, vimefumbua vinywa, vingine vimetoa ulimi. Kichwa cha namna hiyo kilikuwa kikitundikwa nje ya duka la dawa ili watu wasiojua kusoma waelewe kwamba hapo huuzwa vitu vya kumeza. Na vingi katika vichwa hivyo ni vya watu weusi waliofungwa vilemba, kwa kuwa dawa nyingi zilitoka nchi za mbali, na mtu wa nchi ya mbali walimchora hivyo. Mzee alisimama mbele ya kimoja muda mrefu. Akauliza, "Huyu alikuwa nani?" Akajibiwa kwa adabu kwamba hakuwa mtu fulani, ni alama tu. Akasema kwa Kiswahili, ili asikike na sisi peke yetu, "Kama hakuwa mtu, mbona masikio yake ni ya kwangu?" Tukacheka, kisha tukanyamaza.

Siku nyingine mwenyeji wetu alitupeleka kwa gari juu ya tuta jingine, maji kulia na maji kushoto, mpaka nchi mpya iliyokuwa sakafu ya bahari. Ni tambarare isiyo na mwisho: viazi, vitunguu, ngano. Wakulima wakilima humo hukuta mbao za merikebu zilizozama zamani. Mabaki ya merikebu zaidi ya 400 yameonekana mashambani. Tena katikati ya mashamba kuna kilima kidogo chenye kanisa, nacho kinaitwa Schokland. Kilikuwa kisiwa. Bahari ilikimega mwaka baada ya mwaka, hata mwaka 1859 serikali ikawahamisha watu wote. Miaka 80 na zaidi ikapita, bahari ikaondolewa, kisiwa kikabaki pale pale kimezungukwa na viazi. Wengi wa wale waliohamishwa walikuwa wamekwisha kufa.

Urk nayo ilikuwa kisiwa hata mwaka 1939. Watu wake hawakukubali kuacha uvuvi. Walinunua meli kubwa zaidi, wakaenda kuvua katika Bahari ya Kaskazini, na mpaka leo wanavua. Juu ya ukingo wa maji wamesimamisha sanamu ya mwanamke aliyegeuka kutazama baharini, na ukutani kumezungushwa vibao vya mawe vyenye majina ya wavuvi wa Urk waliokufa majini tangu zamani. Baba na wana wawili katika mstari mmoja. Jina moja la ukoo hurudi na kurudi. Tulimwona bibi kizee amekuja na kitambaa, akafuta kibao kimoja tu, akaenda zake. Katika yote tuliyoyaona Ulaya, picha za wachoraji wakubwa zikiwamo, hapo ndipo mzee alipovua kofia.

Za picha tutasema machache. Huko Amsterdam tuliingia katika nyumba kubwa ya makumbusho ya taifa, iitwayo Rijksmuseum, tukaona picha ya walinzi wa mji iliyochorwa na Rembrandt mwaka 1642. Ni kubwa kama ukuta wa darasa. Watu walikuwa wengi kama mnadani, kila mmoja ameinua simu yake. Tuliitazama kwa zamu, tukasukumwa, tukatoka. Picha ndogo za maziwa yakimiminwa na za wanawake wakisoma barua zilitupendeza zaidi, maana mbele yake mtu aliweza kusimama.

Kutoka Uholanzi tulipanda gari la moshi (jina la zamani, siku hizi halitoi moshi, huendeshwa kwa umeme) tukaingia Ujerumani. Mji wa Bremen ni bandari ya kale, na nyumba yake ya makumbusho ya nchi za ng'ambo ipo jirani kabisa na stesheni. Ndiyo nyumba ambamo Gavana Twining wa Tanganyika alichukua fuvu lililosadikiwa kuwa la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akalirudisha Kalenga tarehe 19 Juni mwaka 1954. Mkwawa alikufa mwaka 1898, na kurudishwa kwake kulikuwa kumeandikwa katika mkataba wa amani wa mwaka 1919. Miaka 35 ikapita kati ya ahadi na tendo.

Si mbali na hapo kuna tembo wa matofali, mrefu kuliko nyumba nyingi za kwetu. Alizinduliwa mwaka 1932 ili Wajerumani wawakumbuke askari wao waliofia makoloni. Baadaye watu wa mji walimgeuza maana bila ya kumbomoa: wakatangaza kuwa sasa ni ukumbusho wa kuupinga ukoloni. Kando yake yamewekwa mawe yaliyoletwa kutoka Namibia, kwa kumbukumbu ya Waherero na Wanama waliouawa. Tembo ni yule yule, matofali ni yale yale. Twaona jambo hilo ni gumu kufanya, na pengine ni la ushujaa kuliko kubomoa.

Kisha tukafika Berlin. Katika nyumba ya makumbusho ya viumbe, ukiingia tu ukumbi wa kwanza, unakutana na mifupa ya mnyama ambaye macho hayakubali. Kimo chake ni mita 13 na sentimita 27, yaani zaidi ya futi 43. Hakuna mifupa mingine ya mnyama wa aina yake iliyosimamishwa duniani yenye kimo kuliko hiyo. Watu wa kwetu humwita mjusi wa Tendaguru. Aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, naye alikula majani ya miti mirefu. Tendaguru ni kilima cha mkoa wa Lindi. Katika zama zile palikuwa karibu na bahari, na mifupa imekutwa pamoja na makombe. Yaani hata mnyama yule alikuwa mkazi wa pwani.

Mwaka 1907 habari za mifupa ile zilikwisha kufika kwa wataalamu, na kuanzia mwaka 1909 mpaka 1913 Wajerumani wakachimba. Wakuu wa kazi walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Lakini waliochimba kwa mikono walikuwa watu wa nchi, mamia kwa mamia, na nchi yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imetoka katika vita vya Majimaji na njaa iliyofuata. Hapakuwa na barabara ya gari. Mifupa ilipakwa plasta na kufungwa, kisha wachukuzi wakaibeba vichwani na mabegani, safari ya siku nne mpaka bandari ya Lindi, mzigo baada ya mzigo, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Huko Berlin kazi ya kusafisha na kuunga ilichukua miaka mingi, na mnyama akasimamishwa mwaka 1937. Si mifupa ya mnyama mmoja tu, imekusanywa toka kwa kadhaa, na pale palipopungua pametiwa plasta. Kichwa kilicho juu ni cha kuiga.

Mzee, ambaye ujana wake alibeba magunia ya kahawa, hakuuliza habari ya mnyama. Aliutazama mfupa wa mguu, akaupima kwa macho, akasema, "Huu ni mzigo wa watu wangapi?" Kisha akauliza, "Na majina yao?" Tukamsomea jina moja ambalo wanahistoria wamelihifadhi, la Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji. Akalirudia: Boheti bin Amrani. Akangoja jina la pili, tukawa hatuna la kumpa. Katika Bunge letu swali la mifupa ile kurudishwa limeulizwa mara nyingi, na wasomaji wanaweza kuwa na maoni mbalimbali juu yake. Sisi tulipokuwa chini ya mbavu zile hatukufikiri sana mifupa ikae wapi. Tulifikiri wachukuzi.

Kuna jambo jingine la Berlin ambalo hatukuliona kwa macho, wala haifai lionwe. Katika ghala za makumbusho ya mji huo yako mafuvu ya watu yaliyochukuliwa Afrika ya Mashariki zamani za Wajerumani. Mengi sana yalikusanywa Rwanda na msafara wa mwana wa kifalme mmoja wa Kijerumani, ulioanzia Bukoba mwaka 1907. Mwaka 2023 watafiti walitangaza matokeo ya kuyachunguza mafuvu 1,135: yaliyotoka nchi iliyo Rwanda leo ni 904, ya Tanzania 202, na ya Kenya 22. Kwa vipimo vya nasaba, baadhi yao walipatikana jamaa zao walio hai Uchagani. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha kwa mambo ya vita vya Majimaji. Tulipoyasoma hayo, tukiwa chumbani usiku, mzee alisema kwamba mpaka wa Rwanda na Ngara ulichorwa na wengine, na ng'ambo ile ana shangazi. Basi katika hao 904 hajui nani si wake.

Katika kurudi tulipita mji mwingine wa bandari, ambao hatutautaja, tukaingia nyumba ndogo ya makumbusho ili kujikinga na mvua. Ghorofani palikuwa na kabati la kioo, na ndani yake mikuki ipatayo 20, imesimama bega kwa bega kama askari. Kibao cha maelezo kilikuwa kimoja kwa yote: mikuki, Afrika ya Mashariki, chuma na mti. Basi. Hapana mhunzi, hapana kilima, hapana mwenyewe. Mmoja ulikuwa na bapa la umbo la jani, na shingoni umezungushiwa waya, kama ule uliokuwa nyuma ya mlango wa mzee. Haukuwa wenyewe; vumbi lake lilikuwa la miaka mingi. Lakini mzee aliweka mkono juu ya kioo, na mlinzi akamwomba auondoe. Akauondoa. Alikuwa amevaa lile koti.

Tuliposhuka ngazi alisema, "Nimeuza mkuki, sikumwambia yule mtu hata jina la babu."

Tulifika Kanazi mwishoni mwa Juni. Siku ya tatu tulianza kumtafuta mnunuzi. Wengine walisema alielekea Biharamulo, wengine wakasema alivuka mpaka, na hakuna aliyekuwa ameuliza jina lake, wala sisi hatukuliuliza. Hata leo hatujampata. Basi jioni moja mzee akamwambia mwalimu alete daftari la shule. Akasema kama mkuki hauonekani, na uandikwe.

Mwalimu aliandika, mzee akisema na kusahihisha. Urefu wake: toka ardhi mpaka juu ya nyusi za mtu mzima. Mpini: umechomwa moto mahali pawili, chini ya mkono. Waya shingoni: mizunguko saba, mmoja umekatika. Bapa: lina jino dogo upande wa kushoto, lilipatikana kwa kumchoma nguruwe-mwitu katika migomba, kabla mama yake mzee hajaolewa. Mhunzi: jina lake limeandikwa, na kilima alichofulia chuma. Mwenyewe: limeandikwa jina la babu, la baba yake babu, na la mke aliyekuwa akiupaka siagi usishike kutu. Jina la huyo mke mzee hakulikumbuka mara moja. Alitoka nje, akaenda kwa dada yake upande wa pili wa bonde, akarudi usiku na tochi akiwa nalo.